Mbwa aliyeachwa amefika kwako na anajificha: mpe muda, usimpe mnyororo

Swali:

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, naishi Chikongola, Mtwara mjini. Majirani zetu walihama wakaacha mbwa jike amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, akawa anategemea maji na makombo ya mlinzi. Niliwapigia simu wenyewe, wakaniruhusu nimchukue. Leo ni siku ya tano. Anashinda kwenye uwazi chini ya tanki la maji, hali chochote mpaka usiku tukishalala, na jana alimngurumia mwanangu wa miaka saba aliyempelekea bakuli. Usiku analia. Watu wananishauri nimfunge mpaka azoee, nimchape akinguruma, wengine wanasema nimchanganyie pilipili kwenye chakula awe mkali. Mwezi ujao mama mkwe anakuja kukaa nasi, naye ni mtu wa swala tano. Na mume wangu anataka msimu wa korosho ukianza tumpeleke shambani Tandahimba akalinde. Nifanyeje?"

Jibu:

Marahaba, mwalimu, na ahsante kwa kumtoa pale alipokuwa. Nianze na la haraka: kuanzia leo mwanao asimpelekee mbwa chakula. Wala usimchukie mbwa kwa alichofanya jana. Alionya. Mbwa anayeonya ni wa kuheshimiwa, maana ametupa nafasi ya kurudi nyuma kabla hajatumia meno. Akichapwa kwa kunguruma, hofu yake inabaki palepale, kinachokufa ni lile onyo. Siku nyingine atauma kimya kimya na watu watasema amegeuka ghafla. Nimeletewa mbwa wengi walioitwa wakali wa ghafla, na ukikaa na wenyewe ukauliza taratibu, karibu kila mara unakuta kunguruma kulikuwepo, kukapigwa fimbo hadi kukanyamaza.

Mbwa wako hana ukaidi, ana hofu. Mengi nitakayokueleza yanatoka kwenye jambo hilo moja. Ameachwa na watu aliowajua, akakaa na njaa, kisha akachukuliwa na watu asiowajua na kupelekwa mahali penye harufu ngeni, watoto, sauti na milango asiyoijua inapoelekea. Wewe ni mwalimu, unamfahamu mwanafunzi wa kuhamia anayekaa dawati la nyuma wiki ya kwanza na kujibu kwa kichwa tu. Humwiti ubaoni siku ile ya kwanza.

Sisi tunaofanya kazi hii hukadiria hivi: siku tatu za mwanzo ni za mshtuko, wiki tatu za kujifunza ratiba ya nyumba, na miezi mitatu hivi ndipo mbwa anaanza kujisikia yuko kwake. Ni makadirio tu, na mbwa aliyeishi kwenye mnyororo mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo siku ya tano, kujificha mchana na kula usiku si dalili mbaya hata kidogo. Kula usiku maana yake anakula. Angekuwa amekataa chakula na maji kwa siku mbili mfululizo, au anatapika, au anaharisha damu, ningekwambia uache kusoma hapa umtafute mtaalamu wa mifugo mara moja.

Sasa pale chini ya tanki. Usimtoe. Amejichagulia mahali penye kivuli, penye ukuta nyuma yake, ambapo hakuna anayeweza kumjia kwa mgongoni. Ongezea tu: mtandikie gunia kavu, weka maji karibu, na upande mmoja ukinge na kipande cha bati au turubai ili mvua isimfikie. Kisha waambie wote nyumbani kwamba pale ni pake. Akiwa mle ndani hakuna kumshika, kumvuta wala kuchungulia. Watoto wape sheria fupi watakazokumbuka: mbwa akila asiguswe, akilala asiguswe, akiwa chini ya tanki asiguswe. Mtoto wa miaka saba anazishika vizuri akiambiwa sababu yake, lakini hata akizishika, asiachwe peke yake na mbwa huyu kwa sasa.

Kazi yako wewe ni kukaa. Jioni ukirudi shule, beba kigoda na madaftari yako ya kusahihisha, ukae uani hatua nyingi kutoka kwenye tanki, umpe ubavu badala ya uso. Usimkodolee macho, kwa mbwa mwenye hofu kukodolewa ni kutishwa. Sahihisha kazi zako. Mara mojamoja, bila kumgeukia, mtupie dagaa mmoja. Na hapa kuna kitu ambacho watu wengi hukosea: wanarusha chakula karibu na miguu yao ili mbwa avutike kuja. Mbwa anakuja kwa sababu ya njaa, anakichukua, halafu anastuka kujikuta karibu mno na mtu, hofu inazidi. Wewe mtupie nyuma yake, upande wa mbali na ulipo. Ajifunze kwamba ukiwepo wewe vitu vizuri vinaanguka, na wala hadaiwi kukusogelea. Baada ya siku kadhaa utaona anachukua dagaa kisha anageuka kukutazama, anasubiri mwingine. Hapo ndipo mazungumzo yenu yanaanza. Mpe jina moja, fupi, mliseme wote vilevile, na kila mkilisema lifuatwe na kitu cha kula. Jina lisitumike kumgombeza.

Soma mwili wake. Mkia uliofyatwa, masikio yaliyolazwa, kujilamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo wakati hana usingizi, kugeuza kichwa huku jicho likionyesha weupe pembeni: zote hizo ni njia zake za kusema "umenikaribia mno". Ukiziona, rudi nyuma hatua mbili. Akiganda ghafla kama gogo, simama na uondoke polepole, maana kuganda ndiko kunakotangulia kuuma. Siku akija mwenyewe kukunusa, mwache anuse. Usimshike kichwa. Mkune kifuani au ubavuni kwa muda mfupi, kisha uache, uone kama anaomba tena. Akijisogeza, endelea.

Kwenye bakuli fanya hivi. Weka chakula, ondoka. Usilichukue akiwa anakula eti kumfundisha nani mkubwa. Huko ni kumthibitishia kwamba watu huja kupora, jambo ambalo mbwa aliyelala njaa tayari analiamini. Ukiona ametulia zaidi, wiki ya pili au ya tatu, pita kwa mbali wakati anakula umtupie kipande cha samaki ndani au karibu na bakuli, uendelee na safari yako. Polepole atafurahi kukuona ukija wakati anakula.

Mnyororo usimrudishie. Mbwa anayefungwa saa zote hawezi kukimbia anapoogopa, kwa hiyo kinachobaki ni kupigana, na ukali wa namna hiyo hauchagui mwizi na mtoto wa jirani. Ua wako ukiwa na uzio, mwache huru ndani yake, ila hakikisha geti linafungwa na matundu ya chini ya uzio yamezibwa. Mbwa mgeni akistuka hutoroka, na akitoroka hajui njia ya kurudi kwako. Kwa sababu hiyo wiki hizi za kwanza usimtembeze mtaani. Kama uzio hakuna, mjengee banda lenye nafasi ya kujinyoosha na kugeuka, na nje awe kwenye kamba ndefu ukiwepo tu. Mvalishe kola, uandike namba yako ya simu juu yake kwa wino usiofutika. Mtaani kwetu mbwa asiye na kola huhesabiwa hana mwenyewe, na mbwa asiye na mwenyewe hupigwa mawe. Akitoroka, msimkimbize. Kaa chini, mwite kwa sauti ya kawaida, tikisa sufuria ya chakula chake.

Hiyo pilipili, tafadhali sana, hapana. Inamuunguza mdomo na tumbo, basi, hakuna ukali unaotokana nayo. Na kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, waambie hivyo wanaokushauri.

Kulia usiku kutapungua. Analia kwa sababu giza linapoingia nyumba inafungwa na yeye anabaki peke yake tena. Kama dirisha la chumba chenu linatazama uani, mtengenezee mahali pa pili pa kulala chini ya dirisha hilo, asikie mkizungumza na kukohoa. Mlishe mlo wa mwisho kabla hamjalala. Usitoke kumkemea, wala usikimbilie kumbembeleza kila akilia. Neno moja la utulivu kutoka dirishani latosha. Mkiwa karibu na msikiti huenda akaitikia adhana ya alfajiri kwa kulia kwa sauti ndefu, na majirani wakaona ni kisirani. Ni sauti ndefu ya kipaza sauti inayomwita, mbwa wengi hujibu sauti za namna hiyo. Ukimpa kitu cha kutafuna dakika chache kabla, mara nyingi mdomo unakuwa na shughuli nyingine.

Chakula nitakisema kwa kifupi. Aliyelala njaa asishibishwe kwa pupa: mgawie kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku, ukiongeza taratibu kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Ugali laini au wali na dagaa waliochemshwa bila chumvi, au vichwa vya samaki vilivyopikwa na kutolewa miiba, vinafaa sana kuanzia. Samaki wa ng'onda loweka na kumwaga maji kwanza, au acha kabisa. Vitunguu vya aina zote vinaharibu damu ya mbwa, kwa hiyo mabaki ya mchuzi wetu hayamfai. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti vyenye ncha, usimpe. Chokoleti ni sumu kwake.

Kuoga kusubiri. Najua watoto wanatamani kumpeleka baharini Shangani wakamsugue, lakini kumshika kwa nguvu na kumzamisha majini wiki hii kutabomoa kila ulichojenga na kigoda chako. Kama ana kupe wengi au upele, usimpake oili chafu ya gari wala mafuta ya taa, na usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Dawa hizo zinapenya ngozi, naye anajilamba. Mtaalamu wa mifugo atakupa dawa ya kupe na ya minyoo kulingana na uzito wake. Ya minyoo ni muhimu pia kwa ajili ya watoto wako, kwani baadhi ya minyoo ya mbwa huwapata wanaocheza na udongo alipojisaidia. Kinyesi kiokote kila siku na ukifukie.

Kichaa cha mbwa nitakizungumzia kwa kirefu, kwa sababu hapo hakuna nafasi ya kubahatisha. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na takriban maambukizi yote ya watu, asilimia 99, hutoka kwa mbwa. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuutokomeza kusini-mashariki mwa Tanzania uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 2010, na mbwa walichanjwa wilaya kwa wilaya. Lakini mbwa wetu huishi miaka michache, wanazaliwa wengine kila msimu, kwa hiyo kinga ya mwaka juzi haimlindi mbwa wa leo. Ili ugonjwa usisambae, angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanatakiwa wawe wamechanjwa. Wako awe mmoja wao.

Majirani hawakukuachia kadi, basi mhesabu hajachanjwa. Muone afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya manispaa, ueleze kwamba mbwa ana hofu, na uombe waje nyumbani badala ya wewe kumpakia kwenye bajaji. Siku hiyo asishikwe na kundi la vijana. Mtu mmoja anayemfahamu, yaani wewe, amfunge mdomo kwa kitambaa laini kwa muda wa sindano tu, kisha kifunguliwe hapo hapo. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kwa joto letu kumwacha na mdomo uliofungwa ni hatari. Kadi ya chanjo itunze pamoja na vyeti vya nyumbani, na chanjo irudiwe kila mwaka. Kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sikiliza matangazo ya mtaa, mara nyingi kampeni za chanjo hufanyika kipindi hicho.

Chanjo haiponyi mbwa aliyekwisha kuambukizwa. Virusi vinaweza kukaa mwilini miezi miwili, mitatu au zaidi kabla ya dalili. Kwa hiyo miezi hii mtazame. Hofu ya kawaida hupungua wiki hadi wiki. Kichaa huenda kinyume: mbwa anabadilika kwa siku chache, anauma vitu bila kuchokozwa, sauti inabadilika, anashindwa kumeza, udenda unamtoka, taya linalegea, miguu inakosa nguvu. Ukiona hayo usimguse, mfungie mahali, piga simu ofisi ya mifugo.

Na akimuuma mtu yeyote, hata mkwaruzo mdogo wa jino, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili mkitazama saa, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo. Ligula au kituo cha afya kilicho karibu, waambieni ni mbwa asiyejulikana historia yake. Msipake majivu wala dawa ya meno. Mbwa mwenyewe msimuue kwa hasira. Afungiwe na aangaliwe siku 10. Kama alikuwa anatoa virusi siku ya kuuma, ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Akibaki mzima, mmepata jibu. Lakini matibabu ya mtu yasisubiri siku hizo ziishe.

Mama mkwe wako ana haki yake katika jambo hili, na ninakusihi umpigie simu kabla hajafunga safari. Asikute mbwa uani kwa mshangao. Pwani yetu wengi wanafuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambamo mate na unyevu wa mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Anayeswali mara tano kwa siku hawezi kuishi na wasiwasi wa nguo yake. Pia zipo hadithi za Mtume zinazoruhusu mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwindia. Kuhusu wa nyumbani amuulize shekhe anayemwamini, mimi ni daktari wa mifugo. Upande wangu ni mpango wa ua. Vyombo vya mbwa viwe vyake, vya rangi tofauti, vioshwe na kuwekwa mbali na jikoni. Angalia njia ya mama kutoka chumbani hadi bombani anapotia udhu: kama inapita kwenye tanki, anza sasa kumhamisha mbwa taratibu kwa kusogeza gunia na maji yake hatua chache kila siku hadi upande mwingine wa nyumba. Uzio mdogo wa mianzi katikati utamstarehesha mama na utamstarehesha mbwa vilevile. Siku ya kufika, mbwa awe nyuma na kitu cha kutafuna, mama aingie bila kutambulishwa kwake. Na mzoeshe asirukie wala kulamba watu, jambo ambalo kwa mbwa mwoga si gumu, mradi msilitamani wenyewe.

Kuhusu Tandahimba, mwambie mzee wa nyumba kwamba msimu huu asimchukue. Kumhamisha mbwa huyu tena kabla hajajua nyumba yake ni ipi kutamrudisha siku ya kwanza, na shamba halina uzio, atapotea. Ulinzi anaoutaka ataupata kwa njia nyingine: mbwa aliyeshiba na kuipenda familia hubweka mgeni akikaribia bila kufundishwa. Mwakani akienda, mumeo awe naye muda wote kwenye kamba siku za mwanzo. Asiwepo wakati wa kupuliza salfa na viuatilifu. Asiachwe kwenye marundo ya mabibo yaliyochacha, kwani pombe inayojitengeneza humo inamdhuru mbwa vibaya, wala asitafune korosho ghafi, mafuta ya ganda lake yanaunguza mdomo kama yanavyounguza vidole vya wabanguaji.

Kitu kimoja hukukitaja. Ni jike, hujui alipandwa lini. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, kwa hiyo mtazame tumbo na chuchu kwa mwezi huu na ujao, na mtaalamu atakapokuja kuchanja mwombe amchunguze. Kama hana mimba na afya imerudi, zungumzeni habari ya kumfunga uzazi. Bila hivyo, takriban kila miezi sita madume ya Chikongola yote yatakesha getini kwenu. Kama ana mimba, usimhamishe kutoka chini ya tanki kwa ajili ya ratiba ya mtu yeyote, na uniandikie upya, maana malezi yake yatabadilika.